Mukuba Ilikatala Leza

Bandugu, kijana moja hapa Mutoshi iko na kamashini kadogo ka leza, anaandika nako majina juu ya chuma. Tulimuletea kipande cha mukuba ya kwetu, atuandikie jina ya chama. Juu ya inox yenye rangi jina ilitoka muzuri. Juu ya mukuba, hata kivuli hapana.

Haiko bulozi. Mukuba inarudisha mwangaza kama kioo, na moto kidogo yenye kuingia inatawanyika mara moja mu kipande chote. Inaomba leza ya fiba, na ile bei yake tuache tu.

Bankambo hawakuikwaruza. Walikuwa wanaiyeyusha, wanaimwanga mu forma, inatoka musalaba. Ile misalaba ilikutwa mu makaburi ya zamani kule Sanga, upande wa Upemba. Na Katanga ilipotoa sarafu zake mu 1961, ilichora musalaba juu yake.

Basi tulienda kwa fundi wa masufuria. Akacheka: alimunyo inayeyuka ku digri 660, mukuba ku 1085. Amesema tulete makala mingi, atajaribu.