Mirija ya kaboni ni migumu kuliko chuma, lakini kwa nini plastiki inashindwa kuishika?

Umewahi kuangalia nondo kwa karibu kabla hazijamwagiwa zege? Zina matuta matuta. Si urembo. Matuta hayo yanalisaidia zege kuishika nondo. Chuma kikiwa laini kabisa, nguzo ikielemewa kinaweza kuteleza ndani kwa ndani, na nguvu zake zote zisisaidie kitu.

Ishu hiyohiyo inawasumbua wanasayansi wa plastiki, ila kwa kipimo kidogo sana.

Mirija hii ni nini?

Mrija nano wa kaboni ni tabaka la atomi za kaboni lililoviringishwa kama mkeka. Wenye ukuta mmoja una upana wa nanomita 1 hivi hadi 2. Unywele wako una takriban nanomita 80,000.

Ilipata umaarufu mwaka 1991, baada ya Sumio Iijima wa kampuni ya NEC, Japani, kuieleza kwenye jarida la Nature. Kuuvuta urefuke kunahitaji nguvu karibu mara tano ya chuma cha unene uleule, na bado ni mwepesi kuliko chuma.

Ndipo likaja wazo la kuichanganya na polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo zinazounda plastiki, nailoni na gundi ya epoksi.

Tatizo liko wapi?

Kwanza, mirija hii hung'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe, kama tambi zilizopoa. Plastiki haipenyi katikati ya bonge, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Pili, ukuta wake ni laini. Polima huushika kwa mvutano hafifu tu. Ukivuta, plastiki inateleza na mzigo haufiki kwenye mrija.

Wanafanyaje?

Njia ya kwanza ni asidi. Inakwaruza ukuta na kuacha vishikio vyenye oksijeni, ambavyo epoksi inaweza kuungana navyo kikemia. Lakini kila kasoro inayobaki ukutani inapunguza uimara wa mrija na uwezo wake wa kupitisha umeme.

Njia ya pili ni kuchagua polima inayojizungusha kwenye mrija kama kamba. Mwaka 2001, kundi la watafiti Marekani, akiwemo Richard Smalley aliyeshinda Nobel ya Kemia 1996, lilionyesha kuwa inawezekana. Ukuta unabaki mzima, ila mshiko hauwi imara kama ule wa kikemia.

Kwa hiyo mtengenezaji anachagua: mshiko imara au mrija mzima.

Kwenye umeme, mambo ni rahisi zaidi

Hapa mirija haihitaji kushikwa sana, inatosha ikaribiane. Kiasi kisichofika asilimia 1 ya uzito kinaweza kuifanya plastiki ipitishe umeme. Ndiyo maana imetumika kwenye mabomba ya mafuta ya magari, ili umeme tuli usijikusanye na kutoa cheche.

Je, ni salama?

Mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka aina moja, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Wasiwasi mkubwa ni kuvuta vumbi lake, hasa kwa wafanyakazi wa viwandani. Ikishafungwa ndani ya plastiki, si rahisi kupeperuka, mpaka mtu aikate au kuisaga.

Kwa hiyo ukisikia "plastiki kali kuliko chuma", uliza kwanza: hiyo mirija imeshikwaje?