Picha za Dola 25: Namna ya Kuipima Kazi ya Mchoraji Asiyejulikana

Mtu akipata picha ya zamani ya mandhari, yenye minazi, maji na mawingu mekundu ya jioni, na pembeni pana jina asilolijua, swali lake la kwanza huwa: yafaa kiasi gani? Lakini swali hilo lapasa kuja mwisho. Kwanza tuulize: ni nani aliyeichora, wapi, na kwa nini alitumia vifaa hivi? Mfano mzuri twaupata katika jimbo la Florida, Marekani.

Mjini Fort Pierce, zama za ubaguzi wa rangi, watoto wa Watu Weusi walisoma katika shule yao, Lincoln Park Academy. Mwalimu wa sanaa, Bibi Zanobia Jefferson, alitambua kipaji cha mwanafunzi wake Alfred Hair. Alimpeleka kwa A. E. Backus, mchoraji Mzungu wa mji huo, naye akakubali kumfundisha. Harold Newton, aliyekuwa akichora picha za dini, alishawishiwa na Backus huyohuyo ageukie mandhari. Vijana wengine wakafuata, wakifundishana wao kwa wao. Wengi wao kazi iliyowangoja ilikuwa kuchuma machungwa mashambani. Brashi iliwapa njia nyingine.

Majumba ya sanaa hayakuwafungulia mlango. Basi walizipakia picha katika buti za magari, nyingine rangi ikiwa bado mbichi, wakazitembeza maofisini, hotelini na kando ya barabara, kwa dola 25 hivi kila moja. Hair alikuwa akipanga mbao kadhaa kwa safu, akapaka mbingu katika zote, kisha maji, kisha miti. Alijua kuwa bei ndogo hudai wingi. Mwaka 1970 aliuawa kwa risasi, akiwa na umri wa miaka 29.

Miaka ikapita, na picha nyingi zikaishia stoo na katika minada ya vitu vikuukuu. Katikati ya miaka ya 1990 Jim Fitch aliwaita wachoraji hawa Highwaymen, kwa kuwa walifanya biashara yao barabarani. Mwaka 2004 wachoraji 26 waliingizwa katika orodha ya heshima ya wasanii wa Florida. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Mary Ann Carroll. Picha za dola 25 zikawa zauzwa kwa maelfu.

Je, mthamini huzitambuaje? Kwanza huigeuza picha. Nyingi za awali hazikuchorwa juu ya turubai bali juu ya ubao mwepesi wa kujengea nyumba, uitwao Upson, kwa sababu ulikuwa rahisi. Fremu nazo zilitengenezwa kwa mbao za urembo wa milango na madirisha. Kisha hutazama saini: ikiwa imelala juu ya nyufa za rangi iliyokwisha kukauka, yawezekana iliongezwa baadaye. Mwisho hutazama uzima wa picha na kilichochorwa. Hupendwa sana ule mti wenye maua mekundu, asili yake Madagaska, ambao sisi twauita mkrismasi.

Tazama basi: ubao duni na fremu ya kuungaunga, vilivyokuwa dalili za umaskini, ndivyo vilivyogeuka kuwa ushahidi. Lakini faida ya kuziuza upya ilikwenda kwa aliyenunua, si kwa aliyechora. Hair hakuiona heshima hiyo, wala Newton, aliyefariki mwaka 1994.

Wazee wenzangu, kabla ya kutupa picha kuukuu iliyo ukutani, igeuzeni nyuma mkasome. Nanyi wanafunzi mnaochora, andikeni jina, mahali na mwaka nyuma ya kila kazi. Na walimu wa sanaa wakumbuke kuwa habari hii yote ilianza kwa mwalimu aliyemshika mkono mwanafunzi mmoja.