Kabla ya programu kuna fizikia

Wasee, siku hizi kila mtu anataka kuunda programu. Ni poa. Lakini wacha niwape historia kidogo, juu naona kuna hatua tunaruka.

Miaka ya 60, John Swanson alikuwa mhandisi wa Westinghouse huko Pittsburgh, Marekani, kwa idara ya roketi za nyuklia. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya kujua kama vipuri vitastahimili joto na presha. Kulikuwa na mbinu mpya: unachukua umbo gumu, unaligawanya vipande vidogo vidogo, kila kipande unakipigia hesabu yake, halafu unaunganisha majibu. Vipande vikifika maelfu, mkono hauwezi. Kompyuta inaweza.

Swanson akaona programu moja ya kufanya hesabu hizo zote ingeokoa muda na pesa. Wakubwa wake hawakuikubali. 1969 akaacha kazi, na 1970 akaanzisha kampuni kwa nyumba yake ya shambani. Programu aliiandika kwa kadi za kutoboa, na kompyuta alikuwa anakodisha kwa saa. Mteja wake wa kwanza? Westinghouse hao hao. Programu yenyewe ni Ansys. 2025, Synopsys ilinunua kampuni hiyo kwa karibu dola bilioni 35, ingawa Swanson alikuwa ameshauza sehemu yake tangu miaka ya 90.

Najua wengi mmeshika hapo kwa bilioni. Mimi nimeshika kwingine: huyu jamaa alikuwa na shahada ya uzamifu ya uhandisi tangu 1966. Alijua chuma kinavyovunjika kabla ya kuwa na programu ya kuuza.

Na ukikosa hiyo? Enda Norwe, 23 Agosti 1991. Msingi mkubwa wa saruji wa jukwaa la gesi, Sleipner A, ulikuwa unazamishwa polepole kwa majaribio. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia, wote ukaenda chini. Uchunguzi ukaonyesha wahandisi waligawanya vipande vibaya kwa kompyuta, na nguvu za kukata ukuta zikakadiriwa chini kwa asilimia 47. Vyuma ndani ya saruji pia havikutosha. Programu haikuwa imeharibika. Ilijibu kile iliulizwa. Hesabu makini zaidi, iliyofanywa baadaye, ilisema ukuta ungepasuka kwa kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwa mita 65 hivi.

Yaani jibu lilikuwa linapatikana. Hakuna mtu alitazama zile namba akasema, "Hapana, hii haiwezekani."

Sasa hivi akili unde inakuandikia programu ukikunywa chai. Sawa, lakini nani atasema "haiwezekani"? Kwa hivyo kama uko shule na unataka kuacha fizikia juu kompyuta itakufanyia, mimi nasema shikilia. Lugha za programu zinabadilika kila mwaka. Saruji inapasuka vile vile.

Kuna mtu hapa anasomea uhandisi? Niambie kama nimekosea.