Ndege Wawili na Makao Yao

Ukitajiwa pengwini, ewe mwanafunzi msomaji, bila shaka utafikiri juu ya barafu na theluji. Lakini si pengwini wote wakaao katika barafu. Yuko mmoja aliye mwenyeji wa bara letu la Afrika, naye huishi katika pwani na visiwa vya Namibia na Afrika Kusini, mahali ambapo bahari ni baridi walakini jua la nchi kavu huwaka vikali. Habari za ndege huyu zatufaa sisi wa Kisii na Nyamira, ingawa hajapata kufika kwetu, na sababu yake utaitambua mbele.

Pengwini huyu ana kimo cha sentimita 60 mpaka 70, mgongo mweusi na kifua cheupe, na sauti yake hufanana na mlio wa punda. Hawezi kuruka, bali huogelea upesi mno akiwafuata samaki wadogo waendao kwa makundi. Juu ya macho yake yapo mabaka ya ngozi tupu yenye rangi ya waridi. Siku ya joto damu nyingi hupita hapo ili mwili upoe. Jike hutaga mayai mawili, nao wazazi hupokezana kuyaatamia kwa muda wa siku 40 hivi.

Mayai hayo yahitaji kivuli. Hapo kale visiwa vile vilifunikwa na tabaka nene la kinyesi cha ndege, lililorundikana kwa karne nyingi kwa kuwa mvua ni haba huko. Pengwini alichimba shimo ndani yake, akataga pasipo hofu ya jua wala ya adui. Kisha, katika miaka ya 1840, wakulima wa Ulaya walikuwa wametambua ya kwamba kinyesi hicho ni mbolea bora. Mamia ya merikebu yalifika katika kisiwa cha Ichaboe, karibu na pwani ya Namibia, na kufikia mwaka 1845 tabaka lote lilikuwa limekwanguliwa hata mwamba ukaonekana. Visiwa vingine vikapatwa na hayo hayo.

Tangu hapo pengwini wengi walilazimika kutaga mahali pa wazi, jua likiwachoma makinda na shakwe wakiyanyakua mayai. Watu nao waliokota mayai kwa malaki, biashara iliyoendelea mpaka miaka ya 1960. Na baadaye vyombo vikubwa vya uvuvi vikawapunguzia chakula. Mwaka 1956 walihesabiwa jozi zaidi ya 140,000. Mwaka 2023 hazikufika 10,000, na mwaka 2024 ndege huyu aliwekwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Hivi leo watu huwatengenezea viota vya udongo wa kuchoma na vitu vinginevyo, ili kurudisha kivuli kilichouzwa kwa magunia.

Angalia neno moja hapa. Wafanya biashara wale hawakuwa na nia ya kumwangamiza pengwini. Walitaka mbolea tu. Lakini mbolea ile ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

Sasa turudi katika vilima vyetu. Yuko ndege wa kwetu aitwaye korongo taji, mwenye shungi la dhahabu kichwani, yule yule aliyetiwa katika bendera ya Uganda mwaka 1962. Hucheza kwa kurukaruka na kuinama, na hulala juu ya miti, jambo ambalo jamaa zake wengi hawaliwezi. Lakini kutaga hataki mti. Hutaga mayai mawili mpaka manne katikati ya majani ya kinamasi, mahali ambapo maji huwazuia adui, na huyaatamia kwa mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo mabonde yenye majimaji, kama Sironga huko Nyamira, kwake ni sawa na kile kinyesi cha Ichaboe kwa pengwini.

Nasi tuna haja na mabonde hayo. Shamba la Mgusii aghalabu huanzia juu kilimani likashuka mpaka mtoni. Baba akiwagawia wanawe, kila mmoja hupata ukanda mwembamba, na mwisho wa kila ukanda kuna kipande cha kinamasi. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu zaidi ya 1,800,000 katika kaunti zetu mbili. Ndiyo maana mmoja huchimba mfereji ili apande mboga, wa pili hufyatua matofali, wa tatu hupanda mikaratusi inayofyonza maji. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe katika vyanzo vya maji. Lakini mti ulio karo ya mtoto haukatwi kwa amri peke yake.

Katika Afrika, korongo hawa walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1985, na kufikia 2004 walikuwa kati ya 50,000 na 64,000 tu. Tangu 2012 wamehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini.

Tofauti iliyopo yatupa matumaini. Mbolea ya Ichaboe ilichukuliwa na wageni waliokwenda zao wasirudi. Kinamasi chetu ki mikononi mwa ndugu wanaokaa pamoja, wanaoweza kuketi na kukubaliana waache nini na watumie nini. Nao wana sababu yao wenyewe, kwani bonde lilipokauka, chemchemi iliyo pembeni hukauka nayo. Basi likizo ijayo, muulize babu yako ni bonde gani korongo walikuwa wakitaga alipokuwa kijana. Kisha nenda ukalitazame, uone kama bado lina maji.