Taarifa ya Mitambo ya Cornwall

Cornwall ni pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza. Zamani ardhi yake ilikuwa na bati na shaba tele, lakini makaa ya mawe hayakuwamo. Yaliletwa kwa merikebu kutoka Wales, kwa gharama kubwa. Na machimbo yalipozidi kwenda chini yalijaa maji, yasivutike ila kwa mitambo ya mvuke, nayo ilikula makaa kama moto ulavyo nyasi za kiangazi.

Mwaka 1769 James Watt alipewa haki ya peke yake juu ya mtambo uliopunguza ulaji huo, na Bunge likairefusha haki hiyo hata mwaka 1800. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtambo ulikuwa bora. Lakini yeye na mshirika wake Boulton waliwatoza wenye machimbo theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa, na fundi Edward Bull, aliyejenga mitambo ya namna yake, alishtakiwa.

Haki hiyo ilipokwisha, wenye machimbo walishika njia nyingine. Mwaka 1811 walimweka Joel Lean atoe taarifa kila mwezi: mtambo upi, wa fundi yupi, umeinua maji kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa. Chombo cha kuhesabia mapigo kilifungwa kwa kufuli, asije mtu akajiongezea sifa.

Kwa nini wafichuliane siri? Si kwa ukarimu mtupu, nadhani. Bei ya shaba haikuwa mkononi mwa chimbo lolote, na aghalabu tajiri mmoja alikuwa na hisa katika machimbo kadhaa. Fundi naye alipata kazi kwa jina lake kusomwa.

Mwaka 1812 Richard Trevithick alisimamisha huko Wheal Prosper mtambo wa mvuke wenye nguvu nyingi, asiuwekee haki ya pekee. Wengine wakauiga, wakautengeneza zaidi. Samuel Grose alifunika mabomba na silinda yasipoteze joto. Taarifa za mwanzo zilionyesha wastani usiofika pauni milioni 20 za maji kuinuliwa futi moja. Mwaka 1835 mtambo wa William West, katika jaribio maalumu huko Fowey Consols, ulifikia milioni 125.

Wajuzi wengi wa London walicheka. Thomas Wicksteed, mhandisi wa kampuni ya maji, alikwenda kutazama kwa macho yake, na kampuni ikanunua mtambo wa Cornwall, ukasimamishwa Old Ford kuwavutia maji watu wa London.