Yatima katika Nyumba ya Jamaa: Kutoka Wittenberg hadi Kagera

Tunaposimulia historia ya Kanisa na yatima, mara nyingi tunaanza na majengo: vituo, mabweni na wafadhili wake. Katika makala hii tunakusudia kuanza nyumbani kwa jamaa, kwa kuwa huko ndiko yatima wengi walikolelewa. Tunauliza swali moja: huyo aliyewalea alikuwa na haki gani mkononi mwake?

Martin Luther alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wakakaa katika iliyokuwa nyumba ya watawa mjini Wittenberg. Walizaa watoto sita. Wanne walifikia utu uzima. Mezani pao walikula pia wapwa kadhaa wa Luther waliofiwa na wazazi, na Magdalena, shangazi yake Katharina, alisaidia kulea. Mzigo wa riziki ulimwangukia hasa Katharina, aliyelima, akafuga, akapika pombe na kupokea wanafunzi wapangaji.

Tarehe 6 Januari 1542 Luther aliandika wosia wa kumpa mkewe mali, akieleza kwamba yafaa watoto wamtegemee mama, wala si mama awategemee watoto. Wosia huo haukufuata taratibu za sheria ya Saxony. Luther alipofariki mwaka 1546, Gregor Brück, mshauri wa mtawala, aliupinga, akataka wana wa kiume waondolewe kwa mama yao. Mtawala Johann Friedrich aliuthibitisha. Wasimamizi waliwekwa, lakini Katharina aliendelea kukaa na watoto wake.

Tugeukie Kagera, mahali walipogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania mwaka 1983. Kwa desturi ya Wahaya mtoto ni wa ukoo wa baba yake, hivyo yatima hakuhesabiwa kuwa mtu asiye na kwao. Mabibi, shangazi na baba wadogo waliwapokea watoto pasipo hati ya mahakama ya kuasili. Ushuhuda huu ni mkubwa, lakini haukuziba kila pengo. Utafiti ulioanza mwaka 1991 katika kaya zaidi ya 900 za mkoa huo uliwatafuta tena watoto wale mwaka 2004. Ilionekana kwamba kufiwa na mama utotoni kulipunguza kimo cha ukubwani kwa sentimeta 2 hivi, na masomo kwa mwaka 1 hivi.

Tena, kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimnyima mjane urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto. Hilo ndilo jambo hasa ambalo Luther alilikataa katika wosia wake! Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Basi, hatuna budi kujifunza. Usharika unaomsifu bibi mlezi ibadani, usiulize kibanja anacholima kimeandikwa kwa jina la nani, umetimiza nusu tu ya wajibu wake. Mchungaji anayehudumu katika mazishi na awaulize wazee wa ukoo mambo mawili: watoto watalala wapi, na shamba la baba yao litabaki mikononi mwa nani.