Usingizi wa mchana: desturi au deni?

Leo tunaweka programu kando kidogo, tuongee kuhusu usingizi wa mchana. Wengi husema wazee wetu walilala kila siku adhuhuri, halafu ofisi zikaja zikaharibu. Je, ni kweli?

Pwani wanayo kailula, mapumziko ya mchana yanayojulikana sana kwa Waislamu. Huku Kajiado, mfugaji alifuata jua na ng'ombe: mifugo ikitulia kivulini, naye akapata nafasi ya kujinyoosha. Hakukuwa na kengele. Saa za kazi zilikuja na reli ya Magadi, iliyofunguliwa 1915 ikipitia mji wa Kajiado.

Vifaa vya kisasa vinatusaidia hapa. Mwaka 2015, Jerome Siegel na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 94, wakiwemo Wahadza wa Tanzania, waliofungwa mkononi vifaa vidogo vya kurekodi mienendo ya mwili. Usiku walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1. Mchana? Walilala chini ya asilimia 7 ya siku za majira ya baridi, na chini ya asilimia 22 za majira ya joto. Kumbe si sheria ya kila siku. Hutegemea joto na mahitaji.

Sasa Kitengela. Ranchi ya jamii iligawanywa 1988, sheria ya EPZ ikapitishwa 1990, viwanda vikajengwa Athi River, na wapangaji wakafurika. Leo wengi huamka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya kwenda Nairobi. Usingizi wa kwenye matatu si urithi wa mababu. Ni deni la usiku.

Kulipa kidogo kunasaidia. Katika utafiti wa NASA wa miaka ya 1990, marubani waliopewa dakika 40 walilala wastani wa dakika 26, wakawa macho zaidi kuliko wenzao waliokosa nafasi hiyo. Dakika 20 zinatosha. Ukipitiliza sana unaamka na kichwa kizito, na ukilala jioni unauibia usiku.

Ni kama kuwasha kompyuta upya: inachangamka, lakini haiongezeki kumbukumbu. Kwa hiyo ukisinzia saa nane mchana usijiite mvivu. Hesabu kwanza ulilala saa ngapi jana.

Tuonane wiki ijayo.